Laki saba na chumba cha bati: kisa cha maiki na priampu isiyonunuliwa

"Kaka, nina laki saba. Ninunue priampu gani ya valvu ili sauti yangu iache kutoa ile shhh?"

Aliyeuliza ni dada mmoja wa Mbagala, mwimbaji wa nyimbo za injili. Kwaya yao inamjua kwa sauti ya kwanza. Nyumbani anajirekodi mwenyewe usiku, kisha anamtumia prodyuza sauti kavu ili aiweke juu ya biti. Prodyuza alikuwa amemrudishia kazi kwa maneno matatu tu: sauti ina mchanga. Muuza duka mmoja wa Kariakoo alishampa na dawa, kiboksi cha priampu (kifaa cha kuipandisha sauti dhaifu ya maiki) chenye valvu moja ndani (ile taa ya kioo ya redio za zamani), eti kinatia sauti joto. Kwangu alikuja kutafuta muhuri. Sikuugonga, na nimekiandika kisa hiki kwa ruhusa yake kwa sababu swali la namna hii huletwa kila mara likiwa limeshajijibu.

Alichokuwa nacho ni maiki ya kondensa isiyo na jina la maana, zile zinazouzwa boksi moja na mkono wa kubana mezani, sponji, na saundi kadi ndogo (kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya rangi rangi yenye vitufe vya makofi na vicheko. Saundi kadi ilishakufa. Akabaki kuchomeka maiki moja kwa moja kwenye laptopu, kwa waya wenye kichwa cha XLR (plagi ya duara yenye pini tatu) upande mmoja na pini ya milimita 3.5 upande wa pili, ile ya hedifoni. Programu ni Audacity, ya bure, na haina kosa lolote katika kesi hii.

Nilimwomba faili ghafi, kabla hajaipitisha kwenye dawa zozote za kusafisha kelele. Ndani yake kulikuwa na kelele tatu, na yeye alikuwa akiziita zote kwa jina moja.

Kelele tatu, visababishi vitatu

Ya kwanza ndiyo hiyo shhh. Maiki ya kondensa ina saketi ndani yake inayokula umeme. Zile za studio hupewa volti 48 na saundi kadi, kupitia waya uleule wa XLR unaoleta sauti. Tundu la maiki la laptopu linatoa volti chache tu. Maiki yake ilikuwa inawaka kwa kubahatisha, inatoa sauti dhaifu, kisha kompyuta inaipandisha kwa nguvu ili isikike. Ukipandisha sauti dhaifu unapandisha na uchafu wote ulio chini yake. Hapa muuza duka hakuwa mjinga kabisa: priampu aliyoitaja ina volti 48, na ingeiamsha maiki vizuri. Ila sauti ikishatoka kwenye hiyo priampu ingekwenda kuingia wapi? Kwenye tundu lilelile la laptopu.

Ya pili ilikuwa zzz nyembamba, ya kuchosha sikio, inayosikika sana kwenye mapengo kati ya mistari. Nilimwambia achomoe chaja arekodi sekunde chache za ukimya kwa betri. Zzz ikatoweka. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la erthi ni pambo, halijaungwa popote. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mngurumo wake hukaa kwenye 50, 100, 150 na kuendelea, halafu chaja nayo inaongeza filimbi zake huko juu. Dawa haikugharimu hata senti: chaji kwanza, chomoa, rekodi.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa, na ndiyo ambayo hakuna aliyeitaja. Chumba chake ni kama mita tatu kwa tatu, sakafu ya vigae, kuta za plasta zilizopakwa rangi ya mafuta, juu bati bila siling bodi. Nilipofika nilipiga kofi moja katikati ya chumba, likajibu trrrr, sauti ikikimbizana kati ya kuta zinazotazamana. Na alikuwa anaimba akiwa amesimama kama sentimita 40 kutoka kwenye maiki, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye video za studio za Marekani. Studio zile zimejengwa kwa ajili hiyo. Chumba cha Mbagala kinaimba pamoja na wewe. Ule "mchanga" wa prodyuza kwa sehemu kubwa ulikuwa ni vigae na bati.

Umbali

Kanuni hii ningetaka kila anayejirekodi nyumbani aijue kabla hajagusa pochi. Ukipunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, sauti inayokwenda moja kwa moja kwenye maiki inapanda kama desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale ulipokuwa. Kutoka sentimita 40 kuja 20 ni desibeli 6. Kutoka 20 kuja 10 ni 6 nyingine. Yaani dada yetu alikuwa na desibeli 12 za faida dhidi ya chumba chake, bure, akisogea tu hatua moja.

Kusogea kuna gharama zake. Maiki nyingi zinazosikiliza upande wa mbele hunenepesha besi ukizikaribia, na pumzi ya herufi p na b inapiga puu. Nyimbo za injili za Kiswahili zimejaa pendo, Baba, pumziko na baraka, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Besi unaikata kwa kichujio kuanzia kama hezi 100 kushuka chini. Sauti ya kwanza ya mwanamke haina chochote cha kupoteza huko. Pumzi unaikwepa kwa sponji na kwa kuiweka maiki pembeni kidogo ya mdomo, ikiangalia kona ya midomo, sio katikati.

Maiki mbili, chumba kimoja

Nilikwenda na maiki mbili za bei zinazokaribiana, kama dola 100 kila moja kwenye soko la nje: Audio-Technica AT2020, ambayo ni kondensa, na Shure SM58, dainamiki (aina isiyohitaji zile volti 48) ambayo kila Mswahili aliyewahi kuhudhuria harusi ameishaiona. Saundi kadi ilikuwa Focusrite Scarlett Solo ya toleo la tatu. Akaimba ubeti uleule kwenye kila moja.

Kwa umbali aliouzoea, AT2020 ilileta kila kitu. Sauti yake ilikuwa safi na yenye kung'aa, ndiyo, lakini na televisheni ya jirani ilikuwemo, na bomba la uani, na mtu aliyekuwa akikohoa koridoni. Kisha akaimba kwenye SM58 mdomo ukikaribia kugusa wavu. Jirani akapotea. Yeye mwenyewe akasema, "Kumbe hii haishiki kelele!"

Hapo ndipo watu wengi wanapotoka na somo lisilo sahihi. Dainamiki haina masikio ya kuchagua jirani wa kumsikiliza. Nilimrudisha kwenye AT2020, safari hii sentimita 10, sponji ikiwa juu yake. Jirani akapotea tena, karibu kiasi kilekile. Kilichomfukuza jirani ni umbali. SM58 inakulazimisha ukaribie kwa sababu ukiwa mbali inatoa sauti ndogo na nyembamba. Kondensa inakuruhusu ukae mbali, na kwenye chumba kama hiki ruhusa hiyo ndiyo inayokuponza.

Kama ni hivyo, kwa nini tusichukue AT2020 na kuisogelea? Tungeweza, na anayesema kondensa haifai nyumbani anatia chumvi. Kwa mtu huyu nilikuwa na sababu za kutoichagua. Anaimba kwa mwili mzima, anasogea, anapiga mguu chini, na AT2020 juu ya mkono uliobanwa mezani ilikuwa inasikia meza. Herufi s zake ni kali tangu kuzaliwa, na kondensa ilizidi kuzinoa. Hewa ya Dar ni ya chumvi na unyevu, na kapsuli za kondensa haziupendi unyevu: zikiupata zinaanza kukwaruza na kupasuka pasuka. Yeye hana kabati kavu, ana ndoano ukutani. Halafu kuna kanisa: Jumapili angeweza kuondoka na SM58 hiyohiyo mkobani. Wapo wanaoidharau kuwa ni ya jukwaani. Imekuwa sokoni tangu 1966, na hizo herufi SM waliziweka watengenezaji wenyewe kwa maana ya maikrofoni ya studio.

Alichopoteza kwa kuichagua ni ule mng'ao wa juu kabisa. SM58 kwa maelezo ya kiwanda inaishia hezi 15,000, na hata kabla ya hapo inaanza kuchoka. Kwa sauti nyororo ya kunong'ona pengo hilo linasikika. Prodyuza anaweza kurudisha kiasi kwa kupandisha sauti za juu wakati wa kuchanganya. Hawezi kuutoa mwangwi uliokwisha kurekodiwa ndani ya neno.

Sasa priampu

Jambo ambalo duka halikumwambia ni kwamba kila saundi kadi yenye tundu la XLR na kitasa cha geini (kiasi cha kuipandisha sauti) tayari ina priampu ndani. Ukinunua kiboksi cha pembeni unaongeza ya pili. Ukikosea tundu, ukaitoa sauti kwenye priampu ya kwanza na kuiingiza kwenye tundu la maiki badala ya lile la laini (la sauti iliyokwisha kupandishwa), unakuwa umezipanga mbili mfululizo, kila moja ikiongeza kelele ya mwenzake.

Swali la haki ni kama priampu ya ndani inatosha kuisukuma SM58, ambayo kweli ina sauti ndogo. Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kwa shinikizo la sauti la desibeli 94, ambalo mwimbaji wa kawaida analifikia akiwa karibu na maiki bila kupayuka, SM58 inatoa milivolti 1.85. AT2020 kwa sauti hiyohiyo inatoa milivolti 14.1, zaidi ya mara saba. Ndiyo maana kwenye SM58 kitasa cha geini kinazungushwa sana, na watu wakiona kitasa kiko mwishoni wanaogopa. Solo ya toleo la tatu ina geini ya desibeli 56. Ukiizungusha hadi mwisho, sauti ya desibeli 94 kwenye SM58 inafika takriban desibeli 5 chini ya dari, yaani kikomo ambacho sauti ikikivuka inapasuka. Mwimbaji huyu kwenye kibwagizo angelipasua dari, achilia mbali kukosa geini.

Na kelele je? Kelele ya priampu hiyo, kwa takwimu za kiwandani, ni −128 dBu (kipimo cha umeme wa sauti; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, kelele ni ndogo zaidi). Ukiitafsiri kuwa sauti ya chumbani kupitia SM58, inakuwa sawa na kelele ya desibeli 18 hivi, tuseme 20 kwa tahadhari. AT2020 yenyewe, kabla hujaiunga na chochote, ina kelele yake ya ndani ya desibeli 20. Yaani ile hofu kwamba dainamiki kwenye saundi kadi ya bei nafuu itajaa shhh haina msingi: zote mbili zinaishia palepale. Chumba chake, saa tano usiku, feni ikiwa imezimwa, programu ya simu (ambayo si ya kuapiwa) ilikuwa inachezea 38 hadi 42. Shhh ya priampu imezikwa desibeli 20 chini ya Mbagala.

Je, priampu ya maelfu ya dola ingesaidia? Hata waya na koili ya maiki yenyewe hutoa kelele kwa sababu tu ina joto, na kelele hiyo haiondolewi na fundi yeyote. Kati ya kikomo hicho cha maumbile na priampu ya Solo imebaki nafasi ya kama desibeli 5. Huko ndiko wanakogombania wenye studio. Kwa chumba cha bati, desibeli 5 zilizozikwa chini ya 20 hazina msikilizaji.

Kuhusu valvu na joto: valvu inabadilisha sauti kidogo ukiisukuma, na wapo wanaoipenda ladha hiyo, nami simo kwenye ugomvi nao. Lakini ladha hiyo ipo bure ndani ya programu, na prodyuza anaweza kuitia na kuitoa anavyotaka. Ukirekodi nayo, umeshapika.

Zipo hali ambazo ningesema nunua. Shure SM7B, ile ya watangazaji wa podikasti, ina sauti ndogo kuliko SM58 kwa kama desibeli 4.5, na kiwanda chenyewe kinashauri priampu yenye angalau desibeli 60 za geini. Ukiwa nayo, na sauti yako ni ya kunong'ona, na saundi kadi yako ni dhaifu, basi kile kiongeza nguvu kidogo cha katikati ya waya, mfano Cloudlifter inayoongeza hadi desibeli 25, kina kazi. Lakini SM7B peke yake ni kama dola 400. Mtu wa laki saba hayupo kwenye mazungumzo hayo, na sijui kwa nini anaingizwa humo kila siku.

Pesa ilivyotumika

Tulichukua SM58 na Scarlett Solo. Bei ya nje ya vyote viwili ilikuwa inazidi kidogo dola 200. Huku ongeza usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Kama angekuwa na nusu ya pesa ile, ningemwelekeza kwenye Behringer UMC22 na dainamiki ya Behringer XM8500, ambayo nje huuzwa kama robo ya bei ya SM58 au pungufu, na nisingemwonea huruma. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko tofauti ya kusogea kutoka sentimita 40 hadi 10.

SM58 ni kati ya maiki zinazoghushiwa sana duniani, kwa hiyo dukani tulikwenda na Solo na laptopu tukaijaribu palepale. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 bila waya, na kwenye tundu la XLR pini zina namba zake pembeni. Uzito na namba peke yake havitoshi, maana waghushi nao wanasoma. Ishara iliyo wazi zaidi ni bei: ukiuziwa "orijino" kwa elfu hamsini, umenunua herufi. Tuliimba mstari mmoja kwenye ile ya duka na mmoja kwenye yangu. Muuzaji akanuna, lakini akasubiri.

Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye waya mmoja mzuri wa XLR, stendi ya sakafuni badala ya mkono wa mezani, sponji mbili, na mablanketi mawili mazito ya mtumba. Trei za mayai alizokuwa ameshaanza kukusanya nilimwomba azirudishe kwa mwenye mayai. Zinagusa kidogo sauti za juu kabisa, basi. Hazizuii jirani, na mwangwi wa katikati, ambao ndio unaochafua sauti ya mtu, zinauacha upite. Godoro lake la sita kwa sita, likisimamishwa ukutani wakati wa kurekodi, linafanya zaidi ya trei mia.

Mpangilio ni huu: godoro na blanketi moja vinasimama nyuma yake, sio nyuma ya maiki. Watu wengi hufanya kinyume. Maiki inasikiliza mbele, yaani inamtazama mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake, na mwangwi wa ukuta ule ndio unaoingia wa kwanza. Blanketi la pili lipo chini, juu ya vigae. Feni imezimwa, na jasho limtoke.

Kwenye geini tulikubaliana kutorekodi wimbo mzima kwa kitasa kimoja. Beti zake ni za taratibu, kibwagizo ni cha kupaaza sauti, na tofauti yake inazidi desibeli 20. Beti zinarekodiwa kwenye traki yake, kitasa kikiwa karibu mwisho. Kibwagizo kinarekodiwa traki nyingine, kitasa kikishushwa hadi nusu na yeye akirudi nyuma upana wa kiganja. Kote kilele kinalengwa karibu na −12, yaani desibeli 12 chini ya dari, kwa biti 24 (ubora wa faili, sio biti ya muziki), na pale hakuna haja ya kubanana na dari. Kujisikia anatumia swichi ya Solo inayorudisha sauti moja kwa moja kwenye hedifoni. Bila hiyo sauti inazunguka kwenye kompyuta na kuchelewa, naye alikuwa anazivuta nyimbo nyuma bila kujua.

Faili mpya zilipomfikia prodyuza, neno mchanga halikurudi. Alilalamikia herufi s kidogo, na kwamba mwimbaji anageuza kichwa akifumba macho, hivyo sauti inafifia mwisho wa mistari. Hilo ni la mazoezi. Tulibandika kipande cha utepe sakafuni pa kuweka miguu.

Mvua hatukuipatia dawa. Masika ikipiga kwenye bati, hakuna maiki wala umbali wa kuishinda, na siling bodi ni ya mwenye nyumba, ambaye ameshasema atafikiria. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei anarekodi usiku ule mbingu zinapokubali, na mashairi anayaandika siku nyingine. Akihamia chumba chenye siling, makochi na mapazia mazito, nitampigia simu kuhusu kondensa: AT2020, au Rode NT1-A ambayo kelele yake ya ndani ni desibeli 5 tu. Solo atakayokuwa nayo itazisukuma zote mbili kitasa kikiwa hakijafika hata nusu.